Choo Kigumu kwa Vijana: Mwongozo kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Mtu akiharisha, nyumba nzima hujua kabla ya jua kuzama. Akikosa choo siku nne, hujua peke yake. Katika vijiji vya Mbulu na Hanang kijana atalalamikia kichwa, mgongo, hata vidonda vya tumbo, lakini hatasema kwamba mara ya mwisho kwenda haja kubwa ilikuwa Jumapili iliyopita. Anameza dawa ya minyoo. Anapimwa taifodi. Anatafuna vidonge vya kiungulia. Miezi inapita na chanzo kiko palepale.

Makala haya yanamlenga huyo: mwenye miaka 18 hadi 35 hivi, ambaye kufunga choo kwake si jambo la siku mbili baada ya safari au harusi, bali amekwisha kulizoea. Wengi wa aina yake hupona au kupata nafuu kubwa bila dawa kali za kuendesha, mradi wajue tatizo lao limekaa wapi: kwenye chakula, kwenye maji, kwenye muda, au kwenye misuli ya njia ya haja yenyewe. Wachache wana ugonjwa mwingine nyuma yake, na hao wanapaswa kujulikana mapema.

Si lazima mtu apate choo kila siku. Mwenye afya anaweza kwenda mara tatu kwa siku, mwingine mara tatu kwa wiki, na wote wakawa wazima. Kinachohesabika ni namna choo kinavyotoka. Wataalamu hutumia vigezo vinavyoitwa vya Roma: kwenda chini ya mara tatu kwa wiki, kujikamua, choo kigumu cha vidonge, kuhisi hujamaliza, kuhisi kitu kimeziba mlangoni, au kulazimika kujisaidia kwa kidole. Ukiwa na mawili kati ya hayo, yakikutokea mara nyingi kwa miezi mitatu, na ikiwa yalianza angalau miezi sita nyuma, basi hilo ni tatizo sugu, usiliite tabia ya mwili wako. Ukitaka kipimo cha haraka, tazama choo chenyewe. Kikiwa kama cha mbuzi, vidonge vikavu vilivyoachana, kimekaa tumboni muda mrefu mno. Kikitoka kirefu, laini na bila kuumiza, hakuna shida hata kama jana hukwenda.

Utumbo mpana una urefu wa takriban mita moja na nusu, na kazi yake kubwa ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakichelewa humo, maji yanaendelea kunyonywa, na choo kinakauka. Choo kikikauka kinauma kutoka, kinapouma mtu anaahirisha, na akiahirisha kinakauka zaidi. Mduara huo ndio unaozaa bawasiri na michaniko ya njia ya haja, na vijana wengi hufika zahanati kwa ajili ya damu au maumivu hayo bila kutaja kilichoyaleta.

Mlo wa nyanda hizi na unavyobadilika

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika elimu ya jambo hili. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka ishirini, aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa wanavijiji aliowatibu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao: kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu, na kwa baadhi ya Waingereza waliopimwa kilichukua zaidi ya siku tatu. Choo cha Waganda kilikuwa kingi mara kadhaa kwa uzito. Burkitt aliona tofauti hiyo imetokana na nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga.

Karibu zaidi na nyumbani wako Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na katika Bonde la Yaeda, Mbulu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza bakteria wa tumboni mwao, na wakakuta aina nyingi kuliko za Waitaliano waliolinganishwa nao. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria hao hubadilika na majira, wengine wakipungua na kurudi kadiri vyakula vya porini vinavyobadilika. Mizizi, ubuyu na matunda ya porini huwapa nyuzinyuzi nyingi kupita mlo wowote wa mjini. Si kwamba kila mtu arudi kuchimba mizizi. Ninawataja kwa sababu mara nyingi tunatafuta elimu ya lishe mbali, wakati mojawapo ya mifano iliyochunguzwa sana duniani iko wilayani kwetu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya asili, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Mlo wa kale wa Mbulu na Hanang ulifikia hapo bila mtu kuhesabu. Ugali wa dona, mtama au ulezi, makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage, mboga za majani kutoka shambani, viazi vitamu na maganda yake. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa peke yake kina zaidi ya gramu kumi.

Kilichobadilika ni mashine ya kukoboa. Sembe ni nyeupe, laini, na kwa vijana wengi ndiyo heshima ya meza, lakini kukoboa huondoa ganda na kiini cha mahindi, na humo ndimo nyuzinyuzi nyingi zilimo. Ngano nayo ni hivyo hivyo. Uwanda wa Basotu, Hanang, ulilimwa mashamba makubwa ya ngano tangu miaka ya 1970 kwa msaada wa Canada, na unga wake mweupe huwa maandazi na chapati, pumba inakwenda kwa ng'ombe na kuku. Mifugo yetu inakula sehemu ambayo tumbo la kijana linaihitaji. Mkoa wa Manyara pia unalima mbaazi nyingi, na sehemu kubwa huvuka kwenda India. Iuzwe, kwa sababu fedha inahitajika. Lakini debe moja libaki nyumbani.

Kijana anapotoka kwao kwenda Katesh, Haydom au mjini Mbulu kutafuta maisha, mlo wake hupungua mboga haraka. Asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana chipsi mayai, usiku ugali wa sembe na nyama. Kwa jamii ya wafugaji, Wadatoga hasa, ugali na maziwa vinaweza kuwa mlo wa siku nzima wakati wa kiangazi. Maziwa ni chakula kizuri na sina nia ya kumkataza mtu, ila hayana nyuzinyuzi hata kidogo. Anayeyategemea aongeze kando maharage, mlenda, mboga za kukausha au tunda.

Wanaokula vizuri na bado wanafunga choo

Hapa ndipo ushauri wa kawaida, "kula mboga, kunywa maji," unapowaangusha watu. Wapo wanaokula dona na maharage kila siku na bado wanajikamua.

Maji kwanza. Nyuzinyuzi hufanya kazi kwa kushika maji, na bila maji ya kutosha huongeza tu uzito ndani ya utumbo. Nyanda za juu za Mbulu zina baridi kali kati ya Juni na Agosti, na kiu haiji. Mtu anashinda shambani kwa vikombe viwili vya chai. Hanang wakati wa kiangazi tatizo ni kuyapata maji yenyewe, na anayeyabeba kichwani huyatumia kwa kubania. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea na kidogo, mwili una upungufu. Kwa upande mwingine, anayekunywa vya kutosha tayari hatapona kwa kujilazimisha ndoo nzima. Maji hutibu upungufu wa maji, basi.

Muda ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Baada ya kuamka, na hasa ndani ya nusu saa baada ya kula, utumbo mpana husukuma kwa nguvu. Hiyo ndiyo nafasi bora ya siku, na ndiyo hiyo kijana wa bodaboda anaitumia kuwahi abiria, mwanafunzi anaitumia kuwahi mstari, na mchungaji yuko njiani na mifugo. Ukiizuia haja, inapoa. Ukiizuia kila siku kwa miaka, mwili hupunguza kuitangaza. Shule za bweni zinahusika hapa. Choo kisicho na mlango, kisicho na maji, chenye giza na mbali na bweni, kinamfundisha msichana kubana. Wengi hutoka shuleni wakiwa na cheti na tatizo hili.

Kisha misuli. Kupata choo kunahitaji vitendo viwili kwa pamoja: tumbo lisukume na njia ya haja ilegee. Kwa baadhi ya watu, na wanawake vijana ni wengi kati yao, njia hujikaza wakati huohuo wanaposukuma. Dalili yake ni kukaa chooni muda mrefu, kuhisi choo kiko mlangoni na hakitoki, na kubaki na hisia ya kutomaliza hata choo kikiwa laini. Mtu wa namna hii akiongezewa pumba na maharage anavimba tu. Anahitaji kufundishwa upya namna ya kusukuma. Hali hii huonekana pia kwa baadhi ya waliofanyiwa ukatili wa kingono. Mhudumu wa afya akiuliza jambo hilo kwa staha, anatafuta kukusaidia.

Dawa nazo hufunga choo. Vidonge vya kuongeza damu ni maarufu kwa hilo, na wajawazito wanalijua. Zimo pia dawa za maumivu za jamii ya kodeini na tramadoli, baadhi ya dawa za kiungulia zenye aluminiamu, na amitriptilini. Mirungi, ambayo ni haramu kisheria Tanzania lakini bado inatafunwa na baadhi ya madereva na vijana wa Kaskazini, hufunga choo, huondoa hamu ya kula na hufukuza usingizi. Anayeitafuna hatapata nafuu kwa papai. Ukiwa unatumia dawa uliyoandikiwa, usiiache kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi kuna mbadala.

Wiki nne za kuanzia

Kama huna dalili za hatari nitakazozieleza mbele, jipe wiki nne za dhati. Anza na mlo wa asubuhi: uji wa ulezi au wa dona, au kiporo cha makande, badala ya chai kavu. Badilisha sembe kwa dona, hata kwa kuchanganya nusu kwa nusu mwanzoni. Kula maharage, mbaazi au kunde mara moja kwa siku, na mboga za majani mchana na jioni. Tunda lolote la msimu linafaa. Parachichi na papai yanasaidia zaidi kuliko ndizi mbivu moja. Ongeza taratibu kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu tumbo lisilozoea hujaa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowafanya wengi kuacha siku ya nne.

Kila siku, baada ya mlo wa asubuhi, nenda chooni hata kama huhisi kitu. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ni bora kuliko watu wanavyokithamini: magoti yakipanda juu ya nyonga, msuli unaobana njia ya haja hulegea na njia hunyooka. Penye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda cha urefu wa shibiri moja hivi na uinamie mbele, viwiko juu ya magoti. Usibane pumzi. Vuta pumzi hadi tumbo litoke nje, kisha sukuma kwa tumbo lililotanuka huku mdomo ukiwa wazi kidogo. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Kama hakuna kilichotoka, inuka uendelee na kazi, kesho ipo. Simu ibaki ndani, kwa sababu kukaa muda mrefu huku umekunja mgongo huleta bawasiri.

Mwenye kukaa siku nzima, kama fundi cherehani, dereva au mwenye duka, atembee walau nusu saa. Mwenye kulima hahitaji kuambiwa hivyo.

Dawa, za dukani na za kienyeji

Wiki nne zikipita bila nafuu, au choo kikiwa kigumu mno kuanza nacho, dawa ina nafasi yake. Haifai kumtia mtu aibu kwa kuitumia. Laktulosi ni maji matamu yanayovuta maji ndani ya utumbo. Huchukua siku moja hadi mbili, hivyo usiihukumu usiku wa kwanza. Bisakodili ni kidonge kinachoamsha misuli ya utumbo, humezwa usiku na kazi yake huonekana asubuhi. Kimezwe kizima, na hapa wenyeji wa nyumba za maziwa wasikie: kisimezwe na maziwa wala pamoja na dawa ya kiungulia, kwa sababu ganda lake litayeyuka mapema na tumbo litasokota. Kipo pia cha kuingiza kwenye njia ya haja, kinachofanya kazi ndani ya saa moja. Mwuza dawa akueleze kipimo, na mjamzito aulize kliniki kwanza.

Mafuta ya nyonyo na sanamaki ni dawa za kweli, wazee hawakukosea. Hatari iko kwenye kipimo na kurudia. Kijana anayejiharisha kila wiki "kusafisha tumbo" hupoteza maji na chumvi za mwili, kisha utumbo uliobaki mtupu hukaa siku kadhaa bila choo, naye anadhani amefunga tena na kurudia. Mafuta ya nyonyo yasitumiwe na mjamzito. Kujipiga bomba kwa maji ya sabuni, magadi au mitishamba huunguza utando wa utumbo na kumewahi kuua watu; hilo lisifanyike nyumbani kabisa.

Jambo moja huwachanganya wengi. Mtu aliyeziba kwa choo kigumu anaweza kuanza kuvuja choo cha maji kinachopita pembeni, akachafua nguo, akadhani anaharisha na kutumia dawa ya kufunga. Ukikosa choo siku nyingi kisha ukaanza kuvuja, nenda ukaguliwe.

Dalili ambazo hazisubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona tumbo limevimba na kukaza, hupati choo wala hewa haitoki, na unatapika au kusikia maumivu makali. Utumbo unaweza kuwa umejisokota. Madaktari wa upasuaji Afrika Mashariki wanaijua hali hii vizuri. Ni miongoni mwa sababu za kawaida za utumbo mpana kuziba, hasa kwa wanaume. Dawa ya kuharisha wakati huo inaweza kupasua utumbo. Usipewe chochote cha kunywa, tafuteni usafiri. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, inafanya upasuaji, na kutoka vijiji vingi vya Mbulu na Hanang muda wa kufika ndio unaoamua, hivyo kusubiri kupambazuke ni kosa.

Si dharura ya saa hiyo, lakini isizidi wiki: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, homa za jioni na jasho la usiku, upungufu wa damu, au tatizo lililoanza ghafla kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nalo. Mara nyingi damu kwa vijana hutoka kwenye bawasiri au mchaniko, lakini saratani ya utumbo mpana huwapata vijana pia, na kifua kikuu kinaweza kukaa tumboni. Damu ikaguliwe, isikisiwe. Aliyefunga choo tangu kuzaliwa aseme hivyo, kwa sababu wapo wanaozaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na neva. Na anayehisi baridi kuliko wenzake, anaongezeka uzito, ngozi imekauka na anachoka, apimwe tezi ya shingo. Mbulu ni rahisi kusingizia hali ya hewa.

Ukifika, tarajia maswali kuhusu siku, umbo la choo, chakula na dawa unazotumia. Daktari anaweza kupapasa tumbo na kuingiza kidole chenye glavu na mafuta kwenye njia ya haja. Ni dakika moja, na humwonyesha kama kuna choo kilichokwama, uvimbe, au misuli inayokaza badala ya kulegea. Una haki ya kuelezwa kabla, kuomba mhudumu wa jinsia yako kama yupo, au kuwa na mtu unayemwamini chumbani. Kipimo cha damu kwa ajili ya tezi na sukari kinaweza kufuata. Vijana wengi hawatahitaji zaidi ya hapo.

Kwa walimu na wajumbe wa bodi za shule za Mbulu na Hanang nina ombi moja: milango ya vyoo, maji na taa, na ruhusa ya mwanafunzi kutoka darasani bila kueleza mbele ya wenzake. Kwa wewe unayesoma na umehesabu siku zako, nenda zahanati wiki hii, na ukifika usiseme tumbo linasumbua. Sema, "Nimefunga choo," taja ni tangu lini, na usiondoke kabla hujaulizwa unakula nini.